Siku Ishirini na Mbili za Mama Hamza

Siku waliyoniaga kazini, vijana wa wodi ya wazazi waliniomba niseme machache ya kuwaachia. Nikasimama, nikaona pilau linapoa na mgeni rasmi anaangalia saa yake, nikasema, "Naweni mikono, pendaneni," nikaketi. Walinipigia makofi mengi. Tangu siku hiyo nafsi inanisuta, maana nilichosema si kile nilichokuwa nacho. Mikono mnanawa bila kuambiwa na mimi. Haya ninayoandika hapa ndiyo yaliyozuiwa na pilau.

Vyeo sitavigusa. Viko kwenye faili, na faili liko stoo ambako panya wanalijua kuliko mimi. Itoshe kujua kwamba mimi ni Mama Tumaini, mkunga, mtoto wa wakulima wa korosho wa upande wa Chidya, na kwamba nimezalisha na kusimamia wanaozalisha kwenye uwanda huu wa Newala na chini yake Masasi tangu nikiwa na kiuno chembamba.

Siku ya kwanza niliripoti katika hospitali moja ya Masasi, gauni langu jeupe nimelitia wanga wa muhogo mpaka linasimama lenyewe. Nilidhani nitapewa sindano. Nilipewa ndoo na brashi, nikasugua sakafu ya chumba cha kuzalia mpaka adhuhuri, na ule wanga wote ukalainika kwa jasho. Aliyenipa ndoo alikuwa Metroni Skolastika, mama mfupi, mweusi wa kung'aa, aliyetembea kimya kimya hata ukashtukia yuko nyuma yako anahesabu pamba ulizotumia. Hakunisalimia siku ile. Kesho yake alinitazama viatu, akasema, "Hivi vitakuumiza," na kweli vikaniumiza.

Wiki ya tatu nikashuhudia mtoto kuzaliwa amekufa. Mama yake alikuwa wa rika langu. Nilijikaza, nikafanya yote niliyoagizwa, nikamfunika mtoto, nikachomoa kalamu niandike kwenye kitabu cha ripoti. Metroni akaitwaa kalamu mkononi mwangu, akaichomeka mfukoni mwake.

"Keti," akasema.

"Metroni, ripoti..."

"Ripoti haina haraka. Aliyekufa hatakimbia. Wewe ndiye utakayekimbia. Keti, unywe chai, ulie kama una machozi, ndipo uandike."

Ndiyo ilikuwa kanuni yake, na sikuikuta katika kitabu chochote cha uuguzi. Baada ya uzazi mbaya, hakuna kushika kalamu wala kumshika mzazi mwingine kabla hujaketi na kikombe. Hata wodi ijae vipi, yeye mwenyewe alivaa aproni akashika nafasi yako. Tulimcheka pembeni, tukimwita Mama Chai. Ujana ni maradhi yasiyo na chanjo.

Vifaa vya siku hizo mngevicheka pia. Bomba za sindano zilikuwa za kioo, tunazichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, na sindano zenyewe zikiwa butu tunazinoa kwenye jiwe, kisha tunazipitisha kwenye pamba. Ikishika nyuzi, rudi kwenye jiwe. Kifaa changu cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni kilipotea mwaka niliohamishiwa Newala, na wilaya nzima haikuwa na cha ziada, basi nikamwendea mchonga vinyago mmoja akanichongea cha mpingo. Aliniuliza kama nataka akichonge na uso. Nikamwambia hapana, akasikitika kidogo, ila kazi alifanya. Nilikitumia miaka mingi na kilisikia vizuri kuliko cha bati.

Na maji. Aliyefanya kazi uwandani anajua. Sisi tuko juu na maji yako chini bondeni, na pampu ina siku zake za kusema na siku zake za kununa. Kwa hiyo mzazi wa kwetu alikuja na ndugu watatu: wa kumshika mkono, wa kubeba nguo, na wa kubeba ndoo ya maji. Nimewahi kunawa mikono kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati la kanisa, na mtoto niliyempokea siku ile leo ni dereva.

Baadaye nikapelekwa kusimamia wodi ya wazazi katika kituo kimoja cha afya, sitakitaja jina, kati ya Newala na Chiungutwa. Hapo ndipo ruksa ya biashara huria ilipotukuta. Zamani tulikuwa na wauguzi lakini hatuna sabuni. Ruksa ilipokuja, madukani kukajaa sabuni za kila rangi, wauguzi wakaondoka. Mmoja alikwenda Masasi kwenye zahanati ya mtu binafsi, mwingine akafungua duka la dawa, wa tatu akafuata mume. Ajira mpya zilikuwa zimesimamishwa na tukasikia wafanyakazi watapunguzwa, orodha inaandaliwa. Kila aliyekuwa na doa kwenye faili alilala jicho moja. Wodi ikabaki na mimi, mhudumu mmoja wa usafi, na Mama Hamza.

Mama Hamza nilimzidi miaka kumi hivi. Mtoto wa Makote, mwembamba, mcheshi, mwenye ushungi mweupe unaopigwa pasi kila siku ya Mungu. Na alikuwa na mkono mwepesi. Msiokulia kwetu nitawaeleza. Watu wa uwanda huu wanaamini kila muuguzi ana mkono wake. Kuna mkono mzito: sindano yake inauma siku mbili, mtoto anayepokewa nao analia sana. Na kuna mkono mwepesi: sindano huisikii, uzazi hauchelewi, kidonda kinafunga. Ukishasifiwa mkono mwepesi, umekwisha. Wazazi walipandishwa kwenye keria za baiskeli kutoka Chiungutwa, na kabla hawajateremka wanauliza, "Mama Hamza yupo?" Wengine walibana miguu wakisubiri zamu yake, jambo ambalo mtoto hakulijua, akatokea njiani. Akiwa nyumbani kwake, hatua mia mbili kutoka wodini, ndugu wa mzazi walimfuata huko huko wakamkuta anapika, naye akafunga kanga juu ya nguo akaja.

Mimi ndiye niliyeandika ratiba ya zamu. Niliichora kwa rula kwenye karatasi kubwa, nikaibandika ukutani. Na katika visanduku vyake, mwezi baada ya mwezi, niliandika jina moja. Nilijiambia nawafuata wananchi wanavyotaka. Nilimsifu mbele ya wazazi, mbele ya wageni wa wilaya. Aliponijia siku moja akasema, "Mama Tumaini, naomba siku tatu nikalale," nikacheka. Nikamwambia, "Na huo mkono utaniachia?" Akacheka na yeye. Nilifurahi kuona amecheka, nikarudi kwenye kazi zangu.

Kazi zangu wakati huo zilikuwa makaratasi. Nilikuwa hodari wa ripoti za mwezi. Mkunga wa miaka ile yote, nimejifungia chumbani nahesabu katoni za dawa. Sababu yake nitaisema ikifika mahali pake, maana hata mimi sikuwa nimejiambia.

Ilikuwa msimu wa korosho, mchana, joto la kukaanga. Aliletwa mwanamke wa Makote, Sharifa, uzazi wa nne, pamoja na mama mkwe wake. Mtoto alitoka salama saa saba na nusu, kondo la nyuma likafuata, Mama Hamza akaketi kwenye kigoda kando ya kitanda, kiganja juu ya tumbo la mzazi, kama inavyotakiwa, kusikiliza kama kizazi kinakaza. Kila robo saa unapapasa. Kikilegea, unasugua. Mimi nilikuwa chumba cha pili na ripoti.

Nikasikia sauti ya mama mkwe. "Nesi! Nesi kalala, mwanangu anakwisha!"

Nilimkuta Mama Hamza ndiyo kwanza anafumbua macho. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya tumbo la Sharifa, hakikuondoka hata usingizini. Chini ya kitanda damu ilikuwa imefika kwenye mguu wa kigoda. Mama Hamza hakungoja kuambiwa. Alisugua kizazi, akachoma sindano ya kukikaza, akaniagiza dripu, nikaleta, nikaangusha moja, nikaleta nyingine. Mikono iliyofanya kazi ilikuwa yake. Mimi nilikuwa naleta na kutoa macho. Mfanyabiashara mmoja wa korosho alishusha magunia yake barabarani, tukamlaza Sharifa nyuma ya pikapu juu ya godoro, Mama Hamza akapanda naye, akamkandamiza tumbo njia nzima mpaka hospitali ya wilaya. Kaka wawili wa Sharifa walitoa damu. Sharifa akaishi. Baada ya wiki mbili alirudi Makote kwa miguu yake, mtoto mgongoni.

Lakini siku ile sisi hatukuwa tumejua ataishi. Mama Hamza alirudi alasiri na pikapu ile ile, damu imemkauka mpaka viwiko, akaenda moja kwa moja kwenye kitabu cha ripoti. Akaandika amesimama: "Saa nane na robo mkunga wa zamu alilala. Mzazi akatoka damu nyingi." Akatia sahihi. Na mimi mwanafunzi wa Metroni Skolastika nilikuwa nimesimama mlangoni nikimtazama. Sikumtwaa kalamu, sikumletea chai, hata kigoda sikumsogezea. Nilikuwa namwaza Mganga Mkuu wa Wilaya atasemaje.

Alisema kwa barua. Alitaka maelezo, na alitaka ratiba ya zamu ya mwezi ule. Mama Hamza aambiwe akae nyumbani mpaka shauri lake liishe. Wote tulielewa. Kwa wakati ule wa orodha, muuguzi aliyeandika kwa mkono wake kwamba alilala zamuni hakuhitaji kusukumwa. Alikuwa na watoto wanne, na mumewe alikuwa amekwenda Mtwara kutafuta, nadhani mpaka leo anatafuta.

Nikaishusha ratiba ukutani, nikahesabu. Mama Hamza alikuwa amefanya kazi siku ishirini na mbili mfululizo, na ndani ya hizo kuna alizolala hapo hapo wodini. Jina langu halikuwemo hata mara moja. Nilikaa na karatasi ile mapajani muda mrefu, kisha nikachukua karatasi mpya na rula.

Nilimwandikia mapumziko kila siku ya tano. Nikajipa mimi zamu saba. Mwandiko wangu ni mzuri, niliufundishwa kwa fimbo, na siku ile niliutumia wote. Ungeitazama ratiba ile ungetamani kuhamia kituo chetu. Nikaifunga na maelezo yangu, nikaipeleka wilayani. Baadaye nilisikia kwamba Mama Hamza aliitwa, akaonyeshwa, akaulizwa kama ndivyo ilivyokuwa. Akaitazama, akasema, "Kama kaandika Mama Tumaini, ndivyo." Akarudi shambani Makote.

Walituazima mkunga kutoka wilayani kwa wiki chache. Alikuwa mtu mwema na alilalamika kuhusu maji asubuhi na jioni. Mimi nilishindwa kula. Chakula kikifika mdomoni nauona ule ushungi mweupe. Mwisho nikapata sababu ya kwenda Masasi, mkutano wa akina mama wa kanisa, na mkutano nisiuone hata mlango wake. Nilikwenda kwa Metroni Skolastika.

Alikuwa amestaafu, anafuga bata nyuma ya nyumba, chini ya ile milima ya mawe. Amezeeka ila viatu vyangu alivitazama kama zamani.

"Shikamoo, Metroni."

"Marahaba. Umekonda. Nani amekufa?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa namna ya mtu anayetaka kupozwa: uhaba wa watu, ruksa, wazazi wenyewe ndio wanaotaka mkono wa Mama Hamza. Alisikiliza huku akichambua mchicha. Kisha akauliza, "Ratiba ya kwanza unayo?"

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Sikuwa nimeichana. Karatasi zilikuwa adimu miaka mingi hata mtu akazoea kutozitupa, na nyuma yake nilikuwa nimeandika vitu vya kununua Masasi. Akavaa miwani, akapitisha kidole kisanduku kwa kisanduku, midomo inahesabu.

"Ishirini na mbili. Na wewe uko wapi hapa?"

"Nilikuwa na ripoti, Metroni."

"Ripoti," akasema. Akaendelea na mchicha.

Hapo nikalia. Nililia nikamwambia nililokuwa sijamwambia mtu. Miaka minne kabla ya Sharifa, kituoni hapo hapo, mwanamke alinifia mkononi, kizazi kimelegea, damu haizuiliki, gari hakuna. Alikuwa ananitazama mpaka mwisho. Nilimfunika, nikaandika ripoti, nikazalisha mwingine saa hiyo hiyo kwa sababu alikuwa tayari. Watu wakanisifu kwa ushupavu. Toka siku ile kila nikiingia chumba cha kuzalia mikono ilikuwa ya baridi kama ya maiti. Ndipo nikapenda ripoti. Ndipo nikamgundua Mama Hamza na wepesi wa mkono wake.

Metroni aliacha mboga. "Baada ya yule mama kufa, nani alikukalisha?"

"Hakuna."

"Ulilala siku ngapi?"

"Kesho yake nilikuwa kazini."

"Basi lile kosa la kwanza si lako, mwanangu," akasema. "Hili la pili ni lako lote. Futa machozi uende ukalirudishe." Na chai alinipa, msidhani alisahau. Ila alinipa nikiwa nimesimama, basi langu linapiga honi.

Mganga Mkuu wa Wilaya alikuwa kijana, daktari mmoja kwa watu wote wale, macho mekundu kama aliyekaa karibu na moshi. Nilimwekea ratiba ya kwanza mezani. Akaitoa ile ya pili kwenye faili, akaziweka sambamba.

"Ya kweli ni ipi, Mama Tumaini?"

"Hiyo yenye sabuni na nyanya nyuma."

Akaigeuza, akasoma orodha yangu ya sokoni mpaka mwisho, akaigeuza tena. "Unajua hili linakugeukia wewe?"

"Najua, daktari. Yule hakulala. Yule alianguka."

Akaziinamia tena zile ratiba. Nilidhani anatafuta maneno ya kunifukuza, na nilikuwa tayari. Kumbe alikuwa anahesabu, kama Metroni, kwa kidole. Akasema polepole, si kwangu hasa, "Ratiba yangu mimi hata haijawahi kuchorwa." Kisha akajikohoza, akawa mkubwa wa kazi tena. Nilipewa barua ya onyo kali, iko kwenye lile faili la panya. Shauri la Mama Hamza akalifuta. Akaagiza amalize kwanza likizo zake zote ambazo nilikuwa nimezikalia, ndipo arudi.

Habari hiyo niliipeleka Makote mwenyewe. Nilimkuta chini ya mikorosho, kapakata ungo, ananyofoa korosho kwenye mabibo, mikono yote imenata utomvu. Alikuwa amenenepa kidogo. Akanyanyuka nusu.

"Shikamoo, Mama Tumaini."

"Marahaba, Mama Hamza. Hujambo?"

"Sijambo. Sharifa kapita hapa jana na mtoto. Kamnyonyesha mbele yangu nimwone." Akaketi tena. "Siku za kwanza nilijificha nikimwona mama mkwe wake. Sasa nimechoka kujificha."

Nikamwambia ya daktari: shauri limekwisha, arudi kazini likizo ikiisha. Aliitikia kwa kichwa kuonyesha amesikia, akaendelea kunyofoa. Sikuona furaha niliyokuja kuitazama. Nikaketi chini kwenye majani, na gauni langu la safari.

"Ratiba niliyoandika ile ya pili ilikuwa ya uongo," nikasema.

"Nanga, dada, usiseme hivyo," akasema kwa Kimakonde cha kukataa, kwa adabu tu, huku anajua.

"Ilikuwa ya uongo. Na hata ile ya kwanza. Nilikuandika wewe kila siku si kwa sababu ya mkono wako. Nilikuandika kwa sababu mimi naogopa. Toka yule mama alipokufa mikononi mwangu, naogopa kuingia mle. Nikakusukumia wewe na zamu zangu zote. Nisamehe."

Mkubwa kwa mdogo, mbele ya mashamba ya watu. Sijawahi kusema neno zito kama lile, kabla wala baada. Mama Hamza aliweka ungo chini.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mtu akiogopa damu sisi hatumjui? Ulikuwa unafika mlangoni unakumbuka kalamu. Nilikuwa nangoja useme. Ungesema, ningekushika mkono tukaingia wawili, mpaka ukazoea. Ukaniambia nina mkono mwepesi." Akajifuta jicho kwa bega maana viganja vilikuwa na utomvu. "Kila uliponisifu nilijisikia kama umeniongezea gunia. Ningekataaje? Mtu anakataa sifa?"

Upepo uliangusha mabibo mawili matatu, akayaokota, akayanyofoa korosho zake, maana mkulima ni mkulima. Kisha akasema, "Nimekusamehe, Mama Tumaini. Lakini Ijumaa siji. Ijumaa ni ya kwangu. Hata mzazi akinitaja jina, hata mje na ngoma."

Nikamwambia sawa. Ilikuwa rahisi kusema pale shambani.

Aliporudi, Ijumaa ya kwanza mkunga wa kuazima alikuwa ameshaondoka, na kwenye ratiba, kisanduku cha siku ile kilikuwa na jina langu. Kabla ya adhuhuri ikaingia baiskeli kutoka Chiungutwa. Binti wa uzazi wa kwanza kwenye keria, mumewe anaendesha, bibi yake anatembea nyuma na ndoo ya maji kichwani. Bibi hakutua hata ndoo.

"Mama Hamza yupo?"

"Yuko mapumziko, bibi. Nipo mimi."

Akanitazama mikono, wazi wazi, kama mtu anayechagua muhogo. "Sisi tumemfuata yeye. Kwake si pale tu? Wewe mumewe, hebu nenda kamwite."

Ningeweza kumzuia. Nawaambia ukweli, vijana wangu, sikumzuia. Nilisimama pale mlangoni nikiomba Mama Hamza aje, nikimwona yule kijana anabisha hodi, mlango unafunguliwa, ushungi unaonekana, wanaongea. Kisha mlango ukafungwa. Kijana akarudi mikono nyuma.

"Kasema mkunga yupo ndani," akatuambia. "Kasema mwambieni bibi asiwe na wasiwasi, huyo ndiye aliyemfundisha yeye."

Uongo mtupu. Sikumfundisha kitu. Lakini bibi alitua ndoo.

Nikaingia. Mikono ilikuwa ya baridi, nikaiweka kwenye maji ya bibi, ikabaki ya baridi, nikafanya nayo hivyo hivyo. Nilisikiliza moyo wa mtoto mara nyingi kuliko inavyohitajika. Binti alinishika gauni akalia kwa Kimakonde, nami nikamjibu kwa Kiyao cha mama yangu, tukaelewana. Saa tisa kasoro mtoto akatoa kichwa, kitovu kimemzunguka shingo mara moja. Nikakipitisha juu ya kichwa kwa kidole, na kidole kilikuwa kinakumbuka. Alikaa kimya kitambo, mtoto wa kike, kisha akatukana dunia yote kwa sauti. Nikaketi kwenye kigoda, kiganja juu ya tumbo la mama yake, na sikukibandua kwa saa mbili. Kizazi kilikaza kama jiwe. Nililia, na binti akaniuliza kama mtoto ana kasoro, nikamwambia hana, ni mimi tu.

Alasiri nilitoka nje na bibi kumwaga maji. Kutoka pale kwenye kona ya wodi unaona baraza ya Mama Hamza yote. Alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini, ubavu, viatu vimepangwa, kanga imemfunika mpaka usoni, na kuku wanapita karibu na kichwa chake bila kumsumbua. Bibi alifurahi kumwona, akaweka ndoo chini, akakusanya nguo zake aende akamwamshe ampe habari njema.

Nikamshika mkono. "Mwache alale."